Uchungu wa Uyoga

Mlango wa banda ulikuwa umelala chini, bawaba zimeng'oka pamoja na vipande vya ubao. Inspekta Pudensiana Massawe aliuruka, akasogeza pembeni neti nyeusi iliyochanika, akasimama ndani akisubiri macho yazoee kiza.

Mifuko ya nailoni iliyokuwa imepangwa juu ya vichanja ilikuwa imepasuliwa kwa panga. Unga wa mbao ulikuwa umemwagika mpaka mlangoni, mweupe kama mkate ulioshikwa na ukungu. Hapa na pale, katikati ya uchafu ule, ulionekana uyoga wenyewe: wa rangi ya damu ya mzee, unang'aa kana kwamba seremala ameupiga vanishi.

"Usikanyage huko," alimwambia Sajenti Nelson, aliyekuwa akimfuata na begi la vielelezo. Kisha akageuka nyuma. "Dada Hanna, ingia. Hapa ni kwako."

Hanna Mbise hakuingia mara moja. Alikuwa ametolewa mahabusu asubuhi ile. Alisimama kwenye manyunyu, kanga ameikaza kiunoni, akiangalia vichanja. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba yake, kati ya migomba na kahawa, katika kijiji kilichopanda mlimani juu ya Kikatiti. Mumewe alikwishafariki, na uyoga ule ndio uliowasomesha wanawe.

"Wamekata hata ambao haujaota," alisema. "Huo una kosa gani?"

Waliofanya kazi ile walijulikana. Mzee Philemoni Kaaya, mwalimu wa kwaya mstaafu, mkazi wa Moshono, alikuwa ameanguka bafuni kwake siku ya Jumanne huku damu ikimtoka puani na mdomoni, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Kopo la unga wa uyoga lilikutwa jikoni. Siku iliyofuata mwanawe, Frederick, alipakia vijana kwenye pikapu wakaja hadi hapa na mapanga. Polisi wa Kikatiti walimkuta Hanna amejifungia chooni, wakamchukua. Tangu hapo alikuwa mtuhumiwa na mtu wa kulindwa, yote kwa pamoja. Na Frederick alikuwa amesema msibani, mbele ya watu, kwamba baba akishazikwa atarudi kuchoma banda na nyumba. Mazishi yalikuwa kesho.

Inspekta Pudensiana alikuwa na jambo moja ambalo Frederick hakuwa nalo. Daktari aliyeuchunguza mwili alimpigia simu na kumwambia kwamba damu ya mzee ilikuwa imevujia ubongoni na tumboni, haikuwa inaganda. Na ndani ya damu ile alikuta dawa ya hospitali, ile wanayopewa watu ambao damu yao inaganda ovyo, ili iwe nyepesi. Ilikuwa nyingi kupita kiasi. Familia nzima ilikuwa imeapa kwamba mzee aliacha dawa hiyo zamani, tangu alipoanza kunywa uyoga.

"Nieleze unavyoufanya," Inspekta alisema. "Mwanzo mpaka unapoutia kwenye kopo."

Hanna aliingia. Aliongea huku akiokota vipande chini, mkono mmoja ukipanga kile ambacho mdomo unaeleza.

"Natafuta unga wa mbao ngumu kwa maseremala. Wa msonobari siutaki, uyoga huu hauupendi. Nauloweka, nauchanganya na pumba za mpunga na chokaa kidogo, nashindilia kwenye mifuko. Mifuko naipanga ndani ya pipa, inapigwa mvuke kutwa nzima ili vimelea vife. Ikipoa ndiyo natia mbegu."

"Mbegu za uyoga zikoje?"

"Ni mtama ulioshikwa na uyoga, naletewa kutoka kwa wanaozalisha. Hapo mikono unaosha kwa spiriti na mdomo unaufunga kitambaa, maana ukizembea ukungu wa kijani unakuwahi. Halafu mifuko inakaa gizani mpaka yote igeuke myeupe. Ndipo naifungua midomo, napitisha hewa na mwanga kidogo, nanyunyizia maji asubuhi na jioni. Unachomoza kama vidole. Ukipata hewa ya kutosha, vidole vinatanuka vinakuwa kama ungo." Alimpa Inspekta kipande. "Shika. Huu si mboga, ni mgumu kama gome. Unakatwa vipande, unakaushwa, unasagwa. Mtu anachemsha unga, anakunywa maji yake."

"Na unatibu nini?" Nelson aliuliza, sauti yake ina kejeli.

"Mimi sitibu mtu, kijana wangu. Walionifundisha walisema Wachina wameutumia tangu enzi kwa mwili uliochoka, kwa usingizi, kwa kinga ya mwili. Mengine bado yanachunguzwa. Mteja namweleza hivyo hivyo. Na namwambia, kama uko kwenye dawa ya kulegeza damu, au unasubiri kupasuliwa, usiuguse, kwa sababu na wenyewe unalegeza damu."

"Mzee Philemoni ulimwambia?" Inspekta aliuliza.

"Nilimuuliza siku ya kwanza. Akasema hana dawa yoyote anayotumia, ni uchovu tu na miguu. Akanunua. Baadaye nikasikia amesimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba uyoga umempa miguu mipya na vidonge ametupa. Nilishtuka, nikamtumia ujumbe aje. Akaja na rafiki yake, Mzee Ezra wa kwaya, wakakaa pale kwenye benchi. Nikamwambia, mwalimu, ulinificha. Acha uyoga wangu leo leo, rudi kwa daktari wako. Akasema atarudi."

"Maneno mazuri hayo," Nelson alisema. "Mahabusu kuna muda wa kuyapanga."

"Muulize Ezra."

Inspekta alinyoosha mkono, na Nelson akampa kopo lililotolewa jikoni kwa marehemu. Lilikuwa la plastiki angavu, limebaki na unga kidogo chini. Akaomba sahani nyeupe. Hanna akaileta kutoka nyumbani, pamoja na kopo lingine ambalo lakiri yake haijafunguliwa.

"Hili ni la msago ule ule aliochukua mwalimu," Hanna alisema. "Yalibaki machache."

Inspekta alimwaga unga wa kopo jipya upande mmoja wa sahani, na wa kopo la marehemu upande wa pili. Ule wa kwanza ulikuwa wa kahawia, mwepesi, wenye nyuzinyuzi kama pamba iliyochambuliwa. Alipoupuliza kidogo, uliruka wote. Akapuliza wa pili. Nyuzi ziliruka, na kwenye sahani zikabaki chembechembe nzito zilizoganda mahali pake. Akasogea mlangoni kwenye mwanga. Chembe zilikuwa na rangi ya pinki.

"Hiki ni nini?" alimuuliza Hanna.

Hanna aliinama, akaangalia kwa muda. "Sijui. Si changu. Uyoga hauna rangi hii popote, hata ukiukata katikati."

Nelson alimvuta Inspekta pembeni, wakasimama chini ya mgomba.

"Afande, mbona iko wazi? Hawa wauza dawa za asili tunawajua. Wanasaga vidonge vya hospitali wanachanganya, mgonjwa akipata nafuu anasema mizizi imemponya. Huyu mama kasaga dawa, kachanganya, mzee kafa. Kopo safi kalitunza kwa ajili yetu."

"Inawezekana," Inspekta alisema. "Sasa niambie, angechanganya dawa ya damu kwa faida gani? Mtu mwenye uchovu angechanganyiwa kitu cha kumchangamsha, mwenye maumivu angepewa cha kutuliza. Dawa ya damu haimfanyi mtu ajisikie chochote. Mgonjwa hawezi kurudi kuisifia."

Nelson alikuna kidevu. "Basi nani mwenye faida nayo?"

"Anayejua kwamba mzee alikuwa anaihitaji. Twende kwa Ezra."

Walimwacha Hanna kituoni Kikatiti, wakashika barabara kuu kuelekea mjini. Meru haukuonekana, wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mashamba.

Mzee Ezra Akyoo alikaa Moshono, jirani na nyumba ya msiba, lakini hakuwa msibani. Nyimbo za kwaya aliyoiimbia miaka mingi zilisikika kutoka upande wa pili wa michongoma, na yeye alikuwa amejikunyata kwenye kigoda jikoni kwake, mlango umeegeshwa.

"Shikamoo, mzee," Inspekta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nilijua mtakuja."

"Kwa nini hauko na wenzako?"

"Miguu."

Miguu ilikuwa mizima. Alikuwa amesimama kwa wepesi kuwapa viti. Inspekta hakukaa. Alimuuliza kama na yeye alinunua uyoga kwa Hanna siku ambayo Philemoni alichukua mara ya mwisho. Ezra akakubali, akaonyesha rafu. Kopo lake lilikuwa pale, limetumika nusu. Inspekta alimwaga kidogo kwenye karatasi, akapuliza. Uliruka wote, hakikubaki kitu.

Alipokuwa anarudisha kopo ndipo alipoona, nyuma ya pakiti ya majani ya chai, ukingo wa karatasi ya fedha. Akaitoa. Ilikuwa bamba la vidonge, nusu limekwisha. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vya pinki.

Nelson alitoa pingu mfukoni.

"Mzee Ezra," Inspekta alisema, "hivi ni vyako?"

Yule mzee aliangalia bamba, kisha pingu, kisha ukuta ambako nyimbo zilikuwa zinapenya.

"Ni vya Philemoni."

"Vilifikaje kwako?"

"Nilimtunzia."

"Ulikuwa unamtilia kwenye uyoga?"

"Mungu wangu! Hapana!" Ezra alisimama, kigoda kikaanguka. "Alikuwa anameza mwenyewe. Hapa. Kila asubuhi alikuja kunywa uji, nampa kidonge na maji, anameza mbele yangu. Yule mama wa Kikatiti ndiye aliyemtisha. Siku ile ile tulishuka tukaenda kliniki, daktari akamwandikia upya, akamwambia arudi Alhamisi ya wiki hii apimwe damu."

"Na kwa nini avifiche kwako? Nyumbani kwake kuna mtu aliyemkataza?"

Ezra aliinua kigoda, akakaa tena taratibu. "Nyumbani wangefurahi. Hilo ndilo lililomshinda. Alishasimama madhabahuni akasema vidonge ametupa, Bwana amemponya kwa mmea. Alishagombana na Vaileth, binti yake, mpaka wakawa hawasalimiani. Angeanzaje kumeza mbele yake? Akaniambia, Ezra, nitunzie. Alhamisi nitamchukua Vaileth kliniki bila kumwambia tunakwenda wapi, akaone mwenyewe kwamba baba yake si mjinga."

"Alianguka Jumanne."

"Jumanne," Ezra alirudia.

Nelson alirudisha pingu, lakini Inspekta hakuwa amemaliza.

"Hanna alimwambia aache uyoga. Kopo lake nimelikuta karibu limekwisha. Aliendelea kunywa?"

"Aliendelea." Ezra alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilimwambia, umeanza kidonge, acha uyoga. Akasema, siwezi. Akasema, Ezra, Vaileth aliyekuwa anataka kuumwaga uyoga wangu chooni, siku hizi ananichemshia mwenyewe. Ananiletea kikombe kitandani, anakaa mpaka nimalize. Mtoto amenirudia. Kikombe chake nitakikataaje?"

Nyimbo zilikatika upande wa pili. Mtu alikuwa anaanza sala.

"Nimekaa hapa tangu juzi najiuliza," Ezra alisema. "Kama ni vile vidonge vilivyomuua, basi ni mimi niliyempa kwa mkono wangu."

Inspekta alifunga bamba kwenye mfuko wa vielelezo. "Kidonge chako kilikuwa kile alichoandikiwa na daktari, mzee. Dozi ya kwenye bamba hili isingefika pale damu yake ilipofika. Kuna nyingine iliyotoka kwingine."

Nje, kwenye njia yenye matope kati ya nyumba mbili, Nelson alisema kwa sauti ya chini, "Binti anafanya kazi gani?"

"Anauza dawa. Ni mtaalamu wa famasi mjini."

Walipita nyuma ya nyumba ya msiba. Uani wanawake walikuwa wakimenya ndizi, sufuria kubwa zimeinjikwa. Mbele, chini ya turubai, wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, na Frederick alikuwa anazunguka kati yao na simu sikioni. Pikapu yake iliegeshwa getini. Nyuma yake kulikuwa na madumu ya petroli, yamefunikwa gunia, na hakuna aliyejisumbua kuyafunika vizuri.

Vaileth Kaaya alikuwa peke yake katika jiko la ndani, anafuta vikombe ambavyo vilishafutwa. Alikuwa na kanga nyeusi kichwani na macho yaliyovimba. Alipoona sare ya Nelson, kikombe kiligonga meza.

"Pole tena, mdogo wangu," Inspekta alisema.

"Asante, dada."

"Nina maswali machache. Tukae?"

"Niulize tu."

Inspekta alibaki amesimama. Macho yake yalipita kwenye rafu: chumvi, iliki, mafuta, na mwisho kabisa kinu kidogo cha kaure nyeupe na mchi wake.

"Kaka yako aliniambia uliupinga uyoga tangu mwanzo."

"Niliupinga."

"Ulitaka kuumwaga."

"Baba alikuwa ameacha dawa iliyokuwa inamweka hai. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Lakini mwishoni ulikuwa unamchemshia wewe mwenyewe."

Vaileth alichukua kikombe kingine. "Alikuwa baba yangu. Nilichoka kugombana."

"Vile vidonge alivyoviacha, ulivipeleka wapi?"

"Alivitupa kwenye ndoo ya taka. Yeye mwenyewe, mbele yetu."

"Sikukuuliza alivitupa wapi."

Inspekta alinyoosha mkono akashusha kile kinu, akakigeuza dirishani. Kilikuwa kimeoshwa vizuri, kinang'aa. Lakini chini kabisa, mahali kaure ilipokwaruzika kwa kusagiwa, mikwaruzo ilikuwa imenywa rangi. Alikiweka mezani, akaweka kopo la uyoga pembeni yake.

"Hiki si kinu cha kutwangia vitunguu saumu," alisema. "Kabla hujasema neno, lazima nikuonye. Hulazimiki kujibu, na utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Vaileth alivuta kiti, akakaa. Uani mwanamke mmoja alimwita aseme chumvi iko wapi, hakuitika.

"Niliviokota," alisema. "Usiku ule ule, kwenye taka. Vilipokwisha nikanunua vingine kazini." Sauti yake haikutetemeka, ilikuwa kama ya mtu anayemsomea mteja maelekezo ya dawa. "Damu ilimganda mguuni, ikapanda kwenye mapafu. Nilikuwa naye siku hiyo. Nilimwona anavyoitafuta pumzi, kama samaki. Daktari akasema, hiki kidonge asikiache. Halafu anarudi kutoka mlimani na kopo, anasema amepona. Nililia, nikapiga magoti, nikamleta mchungaji. Akaniambia sina imani. Nikasema, sawa. Kama hataki kumeza, atakunywa."

"Kiasi gani?"

"Dozi yake. Ile ile ya daktari, sikuzidisha hata chembe, dada, naapa. Nilikuwa nasaga kimoja kila asubuhi, natia kwenye kikombe. Uyoga ule ni mchungu, unafunika kila kitu. Na alikuwa anaendelea vizuri! Alikuwa ananiita mama, kama zamani. Halafu wakanipangia zamu ya alfajiri, siku nyingi nikawa simkuti ameamka. Ilibidi ajichemshie. Ndipo nikasaga vingi kwa pamoja, nikachanganya kwenye kopo lenyewe. Nilipiga hesabu. Kijiko kimoja, dozi moja. Nilichanganya sana."

Inspekta alichukua kopo, akalipigapiga mezani taratibu, kama linavyogongwa kila siku na mtu anayechota. Akalisogeza mbele ya Vaileth, lile lililo angavu, chini kukiwa na mstari mwembamba wa pinki na juu yake kahawia.

Hakuhitaji kueleza. Vaileth alikuwa mtu wa dawa. Aliangalia mstari ule, mkono ukampanda mdomoni.

"Imezama," alisema.

"Unga wa uyoga ni mwepesi kama pamba. Kidonge ni kizito. Alipokuwa anachota juu alikunywa uyoga mtupu. Alipofika chini..."

"Vijiko vya mwisho." Alifumba macho, midomo ikienda kama anayehesabu. Kisha akayafumbua. "Hapana. Ngoja. Hata hivyo, ningejua. Kama huko nyuma alikuwa hapati kitu, mwili ulikuwa hauna dawa. Vijiko vichache visingemwangusha kwa haraka hivyo. Labda na uyoga ulichangia, lakini... kuna kitu hakijakaa sawa. Damu ilikutwa na kiasi gani?"

Nelson alimwangalia Inspekta. Kwa kazi yao, maungamo yalishapatikana. Hakukuwa na lazima ya kuongeza neno. Mambo ya Ezra yangesomwa mahakamani. Inspekta Pudensiana alivuta kiti cha pili, kwa mara ya kwanza siku ile, akakaa.

"Vaileth, baba yako alikuwa amerudi kliniki."

"Lini?"

"Wiki kadhaa sasa. Alikuwa anameza kidonge chake kila asubuhi kwa Mzee Ezra. Vidonge alivificha huko."

"Alikuwa anameza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Aliona aibu, baada ya yale aliyosema kanisani. Alitaka akuchukue Alhamisi, akushtukize. Damu ingepimwa mbele yako."

Vaileth alitikisa kichwa, polepole, kama anayekataa chakula. "Mimi pia nilikuwa nasubiri. Nilikuwa natafuta namna ya kumpeleka akapimwe bila kujua." Akainua macho. "Lakini kama alikuwa amerudi kwenye dawa, uyoga wa nini tena? Si wangemkataza?"

"Hanna alimkataza. Ezra alimkataza."

"Sasa kwa nini alikunywa?"

Inspekta alimwangalia usoni. "Kwa sababu ulimchemshia wewe. Alimwambia Ezra kwamba umemrudia, na hawezi kukataa kikombe chako."

Hakupiga kelele. Alikunjama tu pale kwenye kiti mpaka paji la uso likagusa meza, kati ya kinu na kopo, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kiasi kwamba wanawake wa uani waliendelea kumenya ndizi zao. Nelson aligeukia dirisha. Inspekta aliweka mkono mgongoni mwa yule binti, akauacha hapo.

Alipoinuka, uso wake ulikuwa umezeeka kupita umri wake.

"Yule mama wa Kikatiti bado mmemfunga?"

Inspekta alitoa simu, akapiga kituoni mbele yake. Alitamka jina la Hanna Mbise kikamilifu, akaagiza aachiwe, asindikizwe mpaka kwake, na askari wawili wabaki naye. Akakata.

"Tutakwenda mjini," alisema. "Utaandika maelezo. Hakuna anayesema ulikusudia, lakini mtu amekufa."

"Najua. Niruhusu kitu kimoja. Frederick asisikie kwenu. Nitamwambia mimi."

Nelson alikohoa. "Afande, yule jamaa ana petroli kwenye gari."

"Ndiyo maana lazima asikie," Inspekta alisema. "Twende."

Walitokea mbele ya nyumba. Mazungumzo chini ya turubai yalipungua, kisha yakazimika. Frederick alikata simu, akawajia kwa hatua ndefu.

"Mmemaliza na yule mchawi? Amekiri?"

Vaileth alimshika mkono wa koti, akamvuta kando, karibu na pikapu. Hakuna aliyesikia alichosema. Walimwona tu Frederick akiinamisha kichwa kumsikiliza, akiuliza kitu, akiuliza tena. Kisha mkono wake ukapanda juu, na Nelson akaanza kukimbia. Lakini mkono haukumwendea dada yake. Frederick aliweka viganja vyote viwili juu ya kichwa chake mwenyewe, akabaki hivyo, mdomo wazi, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta msiba.

Vaileth alimwacha, akatembea kuelekea gari la polisi.

Mzee mmoja wa usharika aliinuka kwenye kiti. "Frederick, kuna nini? Wanampeleka wapi mtoto?"

Frederick alishusha mikono. "Kesho hatuziki," alisema. "Baba atasubiri. Tutamzika siku Vaileth atakapokuwepo."

"Kwa nini? Kafanya nini?"

Watu wote walikuwa wamesimama sasa. Wanawake wa uani walikuwa wametokeza kwenye kona ya nyumba, visu mikononi. Frederick aligeukia gari la polisi.

Vaileth aligeuka akiwa ameshika mlango wa gari.

"Dawa niliitia mimi," alisema kwa nguvu, ili hata wa nyuma wasikie. "Yule mama hana kosa. Uyoga wake ulikuwa safi. Niliitia mimi, nikamnywesha baba."

Mahali fulani nyuma ya turubai mama mmoja aliita jina la Mungu kwa Kimeru, mara moja tu.

Vaileth aliingia akakaa. Inspekta alikuwa anafunga mlango Frederick alipofika, akazunguka gari, akafungua upande wa pili, akaketi kando ya dada yake bila kumwangalia.

"Wewe hauhusiki," Nelson alimwambia. "Shuka."

Frederick hakushuka. Alikuwa amemshika dada yake mkono, na wote wawili walikuwa wanatazama mbele.

Nelson alimwangalia Inspekta Pudensiana akisubiri amri. Inspekta alikwenda kukaa mbele, akafunga mlango wake.

"Washa gari," alisema.